Kungojana Njiani: Kutoka Bagamoyo Hata Mizabibu ya Dodoma

Wengi wenu mmekwisha kuona katika barabara za Lubumbashi ile baiskeli ya magurudumu matatu ambayo mtu aliyepooza miguu huiendesha kwa mikono. Mkiiona mnasema, "Masikini," kisha mnapita. Leo nataka kuwapa habari ya baiskeli nyingine ya magurudumu matatu. Hii huendeshwa kwa miguu, na mwenye kuiendesha hukaa chini karibu na ardhi, mgongo umeegemea, miguu imenyoshwa mbele, kama mzee anayepumzika jioni uani kwake. Kwa baiskeli mbili za namna hiyo mke wangu na mimi tulisafiri mwezi wa nane mwaka 2018, toka Bagamoyo kwenye Bahari ya Hindi hata mashamba ya mizabibu ya Dodoma, katika nchi ya Tanzania. Mwendo wote ni kadiri ya kilometa 450. Tulitumia siku kumi na nne, na siku ya Dominika hatukukanyaga pedali.

Watu watauliza: Je, wazee wawili wanatafuta nini barabarani, na basi lafika Dodoma kwa siku moja? Swali hilo ni la haki. Nitalijibu polepole, kwa maana jambo lenyewe ni la polepole.

Mke wangu tangu ujana alikuwa mwanamke wa kinga. (Ndilo jina tunaloipa baiskeli sisi wa Katanga.) Alikwenda nayo sokoni, shambani na kanisani. Mwaka 2014 alipatwa na kiharusi upande wa kushoto. Mungu akamwacha nasi. Ulimi wake ulirudi, mkono ukarudi kiasi, lakini mguu ulibaki mzito, na mwili ulipoteza mizani. Akipanda kinga ya kawaida, anaanguka. Watoto na majirani wakamwekea kiti kibarazani. Walifanya hivyo kwa wema mwingi. "Mama, kaa tu, tutakuletea." Wakaleta maji, wakaleta mboga, wakaleta habari za mtaa. Hata Misa wakamsimulia. Basi yeye akaanza kunyamaza. Daktari alipomwuliza kama ana maumivu, alijibu hana. Sisi nyumbani tuliona kwamba anaondoka kidogo kidogo, naye yupo pale pale kitini.

Ndipo nilipoona picha ya baiskeli hiyo ya kulalia. Ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Haihitaji mizani, ukisimama, inasimama. Usukani uko chini kando ya mapaja, hivi kwamba mkono dhaifu hauchoki. Mguu mzito hufungwa kwa ukanda juu ya pedali, na mguu wenye nguvu huuzungusha mwenzake. Tena ikiwa na gia ndogo, hupanda mlima kwa mwendo wa mtu wa miguu, bila kuyumba.

Chombo hiki si kipya duniani. Huko Ufaransa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Mochet alimtengenezea mwanawe Georges kigari cha kukanyaga. Watu wazima wakakitamani. Mochet akatengeneza cha magurudumu manne chenye viti viwili, akakiita Vélocar. Mume na mke walikaa bega kwa bega, wakatembea likizo zao. Halafu akatengeneza cha magurudumu mawili cha kulalia. Tarehe 7 mwezi wa saba mwaka 1933, huko Paris, Francis Faure alikipanda akaenda kilometa 45.055 kwa saa moja. Akapita mwendo wa Oscar Egg, ambao hakuna aliyeupita tangu mwaka 1914. Je, wakubwa wa mchezo walifurahi? Mwaka 1934 waliamua kwamba chombo cha kulalia kisihesabiwe kuwa baiskeli katika mashindano yao. Nilipomsomea mke wangu habari hiyo, alicheka mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema, "Kumbe hata hao waliambiwa wakae kibarazani."

Duka la kuuza vyombo hivyo hatukulipata mjini kwetu. Lakini mafundi tunao. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, katika komini ya Kenya, alitazama picha, akapima miguu yetu kwa kamba, akachukua mabomba na baiskeli mbovu, akaanza kazi. Kila baiskeli ilihitaji minyororo mitatu ya kawaida iliyounganishwa kuwa mmoja, kwa kuwa pedali ziko mbele kabisa na gurudumu la kuvuta liko nyuma. Kiti ni kitambaa kigumu kilichovutwa kwa kamba. Nyuma akasimamisha fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu, maana aliye chini haonekani na dereva wa lori. Mwezi mzima tulijifunza alfajiri, kabla ya magari kuamka.

Sasa, kwa nini twende Bagamoyo na Dodoma, wala si Kipushi au Likasi? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni ya mke wangu. Kwa miaka mingi yeye alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare katika parokia yetu. Aliijua divai ya Misa kwa harufu yake na kwa madoa yake. Lakini mzabibu wenyewe hakuuona hata siku moja. Divai yetu hutoka mbali, ndani ya chupa. Alisikia habari za mzabibu na matawi katika Injili ya Yohane, akadhani ni mti mkubwa kama mwembe. Siku moja tukasikia kwamba Dodoma, katikati ya Tanzania, kuna mashamba ya mizabibu, na kwamba Waafrika kama sisi ndio wanaoyalima. Akasema, "Hiyo nataka kuiona kwa macho, si kuletewa."

Sababu ya pili ni yangu, kwa kuwa nilifundisha historia shuleni. Njia ya Bagamoyo kwenda bara ni njia iliyotufikia hata sisi. Msiri, mwana wa Kalasa, alitoka pande za Unyamwezi, akaja Katanga katika miaka ya 1850, akajenga mji wake wa Bunkeya. Misafara ilibeba shaba, chumvi na pembe, na pia watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1891 Kapteni Stairs na msafara wake waliondoka Bagamoyo mwezi wa saba, wakafika Bunkeya mwezi wa kumi na mbili, na tarehe 20 ya mwezi huo Msiri aliuawa. Miezi mitano kwa miguu! Baadaye Kiswahili kilipata nguvu katika kambi za migodi na katika mji wa Élisabethville, uliojengwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Lakini nyayo za kwanza zilipita njia hiyo ya misafara.

Basi dereva wa lori, muumini mwenzetu anayepeleka shaba bandarini Dar es Salaam, alikubali kufunga baiskeli zetu juu ya mzigo wake. Sisi tulipanda mabasi, tukapita Kasumbalesa, tukavuka Zambia, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma. Bagamoyo tulifika jioni. Wote wawili hatujapata kuona bahari. Mke wangu alitia mguu wa kushoto majini, ule mzito, akauacha humo muda mrefu. Sikumwuliza kitu.

Bagamoyo ni mahali pa kunyamaza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo toka Zanzibar mwaka 1868, Padre Horner akiwa mkubwa wao. Walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakapanda miti. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone, uliobebwa na watu wake toka bara, ulilazwa hapo misioni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwaka ule wa safari yetu Wakristo wa Tanzania walikuwa wakijitayarisha kwa jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji. Tulisali kidogo, tukawakumbuka wale waliofika hapo kwa minyororo shingoni, pengine wengine wao watu wa nchi yetu. Kisha asubuhi tukaanza kukanyaga kuelekea kule walikotoka.

Njia ya kwanza, toka Bagamoyo kwenda Msata, ni nzuri kwa wageni. Ina lami, na magari si mengi sana. Tulivuka mto Ruvu katika bonde lake pana, tukala mananasi ya Kiwangwa kando ya barabara mpaka midomo ikawasha. Mwezi wa nane upepo wa kusi huvuma toka baharini, nao ulitusukuma mgongoni kama mkono wa rafiki. Watoto walikimbia kando yetu wakipiga kelele, "Wanaendesha wamelala! Wanaendesha wamelala!" Askari mmoja wa barabarani alitusimamisha, akazunguka mara mbili, akauliza, "Shikamoo mzee. Hii ni gari au ni kitanda?" Nikajibu, "Marahaba, mwanangu. Ni kinga." Akashangaa zaidi, kwa maana huko kinga ni kitu cha kujilinda. Tulipokwisha kuelewana, alimwomba mke wangu ruhusa ya kukaa kitini, akazunguka uwanjani kama mtoto.

Hapo nikaona jambo ambalo sikulifikiri kabla. Njia nzima hakuna aliyemwuliza mke wangu ugonjwa wake. Walimwuliza breki ziko wapi. Walimwuliza mnyororo ni wa urefu gani, na nani alikitengeneza chombo hiki. Naye alijibu yote mwenyewe, kwa sauti, akionyesha kwa mkono wake dhaifu. Nyumbani yeye alikuwa mgonjwa wa mtaa. Huku barabarani alikuwa mwenye ajabu.

Chalinze tulikula kwa mama mmoja mwenye kibanda. Alituletea ugali na mboga, nasi tukasema kwamba kwetu ugali ni bukari. Alicheka. Kisha nikauliza mboga hii inaitwaje. Akasema, "Matembele." Mke wangu akaweka tonge chini. Hata kwetu Lubumbashi majani ya viazi vitamu ni matembele! Neno hilo linakaa katika sufuria ya pwani na katika sufuria ya Katanga, na katikati ni mwendo mrefu sana. Wasafiri wengine huacha makaburi njiani, wengine huacha neno moja la mboga.

Toka Chalinze kwenda Morogoro njia ni ya hatari, kwa kuwa malori na mabasi ni mengi. Tuliamka saa kumi za usiku, tukaondoka kulipopambazuka, na ilipofika saa nne ya asubuhi tukasimama. Chombo chetu kina kasoro zake, wala sitazificha. Katika mchanga ni kizito, kwa maana kinachora mistari mitatu mahali ambapo baiskeli ya kawaida inachora mmoja. Katika kona, ukienda kasi, kinataka kupinduka. Na moshi wa malori unaupokea usoni kabisa. Lakini milima ya Uluguru ilipotokea mbele yetu, ya buluu, tuliitazama tumelala chali, wala shingo hazikutuuma.

Baada ya Morogoro na Dumila barabara hupanda kuelekea Gairo. Dodoma iko kadiri ya mita 1,100 juu ya bahari, karibu sawa na mji wetu, na sisi tulianzia mchangani pwani. Hapo ndipo mguu wa mke wangu ulipoanza kutetemeka. Malori yalitupita kwa gia ya kwanza, yakiguna. Nilisimama, nikatoa kamba niliyoifunga nyuma ya kiti, nikamwambia, "Mama, nikufungie, nikuvute mpaka juu?"

Akanitazama. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akasema, "Baba, usinivute. Uningoje."

Nikarudisha kamba. Nikashika breki ya kusimamia, nikangoja. Alipanda hatua mia, akasimama. Nikapanda hatua mia, nikamngoja tena. Mlima ambao lori huumaliza upesi, sisi tuliumaliza karibu kwa nusu siku. Na katika kungoja huko nilielewa maana ya magurudumu matatu. Baiskeli ya magurudumu mawili haijui kungoja, ikisimama, inaanguka. Kwa hiyo mwenye nayo lazima aende, awe na nguvu au asiwe nazo. Hii ya kwetu yaweza kusimama katikati ya mlima, ikapumzika, ikaendelea. Hailazimishwi na mwendo wa mtu mwingine.

Tangu mwaka 2014 kila mtu alikuwa akimvuta mke wangu, na mimi wa kwanza. Kuvuta ni kazi njema, hasa mtu akiwa amelala hospitalini. Lakini anayevuta huchagua njia na mwendo, na anayevutwa hupata kufika tu. Anayengoja humwachia mwenzake njia yake. Siku ya ndoa tuliahidiana mema na mabaya, afya na ugonjwa. Katika miaka mingi ya ndoa hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya ahadi hiyo ni kushika breki.

Gairo tulikula viazi vitamu vya moto, na baridi ya usiku ikatufunika. Tukapita Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, tukaingia nchi ya Wagogo. Ardhi ni nyekundu, mibuyu imesimama mbalimbali, na mvua huko ni haba, kwa maana hunyesha msimu mmoja tu, toka mwezi wa kumi na mbili hata wa nne. Watu walitusalimu, "Mbukwenyi!" nasi tukajifunza kuitikia.

Mizabibu ya Dodoma ina historia ya kimisioni. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana, katika njia ya kwenda Iringa, ili wapate divai ya Misa. Kumbe nchi hiyo kavu, yenye jua jingi, iliipokea vema. Baadaye wakulima wengi wakaipanda katika mashamba yao, serikali ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, na aina moja ya zabibu nyekundu inaitwa kwa jina hilo. Tena kuna ajabu: Ulaya mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma mkulima akiukata matawi kwa nyakati zake, huzaa mara mbili, mwezi wa pili au wa tatu, na tena mwezi wa nane au wa tisa.

Tulifika wakati wa mavuno. Mzee mmoja mkulima alitupokea shambani kwake. Mke wangu alishuka katika baiskeli, akashika fimbo yake, akaenda mwenyewe kati ya mistari. Zabibu zilining'inia chini ya majani, nyeusi, zenye vumbi. Lakini yeye alitazama shina zaidi. Ni jembamba, limepindapinda, limebanduka magamba. Akaligusa, akasema, "Kumbe ni kuni tu." Mzee akacheka, akasema, "Ndiyo, mama. Usipolikata, ni kuni. Ukilikata vizuri, linakupa."

Kisha mzee alitueleza shida yake. Mche hungojewa kama miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa vema, na mkulima hungoja. Lakini zabibu ikiisha kuiva haingoji mtu. Zile za kutengeneza divai zikichumwa, lazima zikamuliwe upesi, la sivyo zinaharibika. Mwaka ambao wanunuzi wanachelewa au wanataka bei ndogo, mkulima hana la kufanya, labda kukamua mwenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, kama ana mapipa. "Mzabibu una subira," alisema, "zabibu haina." Nilimfikiria mkulima wa nyanya wa kwetu, aliyekaa kando ya barabara iliyokatika akitazama mali yake ikioza. Divai huwekwa altareni, lakini ilianza mgongoni mwa mtu kama huyu, aliyelala usiku akihesabu siku za mnunuzi. Tangu siku ile, padre anapoinua kikombe, namkumbuka.

Dominika tulisali Dodoma mjini. Mke wangu hakusema mengi. Jioni aliniambia, "Nimeona." Neno moja hilo lilinitosha kwa kilometa zote zile.

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili kila mtu anunue mabomba na kwenda kwa fundi. Wala magurudumu matatu hayakumponya mke wangu. Mguu wake ni mzito mpaka leo. Lakini huenda sokoni mwenyewe, na anaporudi ndiye anayetuletea sisi habari. Ninachotaka kusema ni hiki. Katika nyumba zetu na katika parokia zetu wako watu tuliowakalisha kwa upendo. Tunawaletea chakula, tunawaletea hata Komunyo, na tunafanya vema. Hebu mara moja tuwaulize pia wanataka kwenda wapi. Pengine ni Dodoma, pengine ni mwisho wa mtaa tu, kuona mti walioupanda zamani. Tusikimbilie kusema kwamba haiwezekani, wala tusiwe wepesi wa kutoa kamba. Twende nao, na mahali pa mlima tushike breki, tungoje.